Pikipiki Iliyozimika Njia ya Kitshanga

Pikipiki yangu ilizimika mara ine njia ya Kitshanga. Mara tatu iliwaka. Ya ine njo iliniachia kaburi.

Naandika bila kulia. Musinishangae, machozi iliisha mwezi wa kwanza.

Mimi ni Gatera, nauzisha maziwa. Kila asubui nafunga bidoni mbili nyuma, natelemuka milima ya Masisi.

Ile siku sikubeba maziwa. Nilibeba bibi yangu, Uwamwezi. Uchungu ilimukamata alfajiri, mimba yetu ya kwanza, na hospitali iko mbali.

Mbele kidogo pikipiki ikazimika. Nikafungua kifuniko ya tanki niangalie mafuta. Imejaa! Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka.

"Mungu ametenda," nikasema.

"Endesha tu, Gatera."

Mara ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile. Nafungua, naangalia, nafunga, inawaka.

Mara ya ine sikufungua. Ya nini? Mafuta nilishajua iko. Nikaomba, nikapiga kiki mpaka muguu ikakufa ganzi.

Uwamwezi alizalia kando ya barabara, juu ya kitenge yake. Mutoto hakulia.

Kisha maziko ya mutoto, fundi wetu Esdras alibadilisha buji, ile plagi ya kuwasha moto. Akasafisha karburateri. Akashika nyaya zote. Bure! Kila safari inazimika tena.

"Kaka, injini iko muzima," akasema. "Sasa ile siku, mara tatu iliwaka namna gani?"

Nikamuelezea.

Uwamwezi alikuwa kwa mulango. Akakuja, akazungusha kifuniko.

Psss. Hewa ikaingia.

Akavuta sashe ya plastiki ndani ya kifuniko. "Hii iko nini?"

Ilikuwa sashe yangu. Mvua ilipoanza, jana ya ile safari, niliibana pale, sawa vile sisi wa maziwa tunabana bidoni maziwa isimwangike, maji isiingie mu tanki. Hata nilijisifu.

"Kifuniko iko na katundu ya hewa," Esdras akasema polepole. "Ukikaziba, mafuta haishuke mpaka ufungue hewa iingie."

Uwamwezi alikunja ile sashe, akaifunga mu kitenge. Mpaka leo sijamuuliza sababu.

Sisikii kitu mu roho. Naandika kwa sababu ile mbinu nilifundisha wauza maziwa saba, na siko na namba za simu za wote.

Mutoe ile sashe, bandugu. Na ukisema Mungu ametenda, angalia kwanza mukono yako ilikuwa inafanya nini.