Jipu Lililonipeleka Kirongwe

Mtanicheka, na mcheke tu, maana Kirongwe nzima ilishanicheka kabla yenu. Nilitokwa na jipu pabaya, kwenye kinena, pale kwenye mkunjo wa paja, karibu kabisa na mali zenyewe (mnanielewa), na lilinitoka wiki ile ile niliyokuwa nifunge ndoa na Mwanaidi.

Hospitali ninaiona kutoka dukani ninapouza mabati, hapa hapa Kilindoni, nikipiga mluzi wananisikia. Lakini muuguzi wa pale ni Bi Zena, shangazi yake Mwanaidi, nikajiuliza, huyu mama akishaniona nilivyoumbwa, nitamwamkia vipi ukweni? Hapo ndipo ujinga ulipoanza. Nikavaa msuli, nikapanda bodaboda mpaka zahanati ya Kirongwe, mbali kote huko, nimekaa upande kama bibi harusi, na kila shimo la njiani nililihisi pale pale penye jipu.

"Kaka, unaumwa wapi?" dereva akauliza.

"Mguu," nikasema.

Tulipofika nikashuka nimetanua miguu, nimeushika msuli kwa mbele usiniguse. Nje ya zahanati wamejaa wazee kwenye benchi, kila mmoja na msuli wake, na mimi (akili sina) sikujiuliza kwa nini hapana hata mwanamke mmoja. Kumbe siku hiyo wamekuja watu kutoka hospitali ya Kilindoni kupima mabusha!

Mzee mmoja akanisogezea nafasi. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu, kaa. Umefanya vizuri kuwahi. Mimi langu nimelilea mpaka limeota mvi."

"Si busha, babu. Ni jipu."

Benchi zima likacheka. "Ndivyo tunavyosema sote mwanzoni," akanipigapiga bega.

Nikazidi kukataa, wakazidi kunionea huruma, na yule dereva, ambaye badala ya kuondoka kaegemea pikipiki yake anasikiliza, akadakia, "Si ulisema mguu?" Kabla sijamjibu pazia la mlangoni likafunguliwa, akatoka muuguzi kumwita anayefuata, na muuguzi mwenyewe ni Bi Zena.

Nikakurupuka. Nikairukia ile pikipiki, safari hii kwa kuitanulia miguu kiume, nikaketi kwa uzito wangu wote, na jipu likapasuka. Wallahi, yowe lile sijui lilitokea wapi. Msuli ukalowa, wazee wakasimama wote. Bi Zena akanishika mkono bila kuuliza, akaniingiza ndani, akakamua, akasafisha, akafunga bandeji, muda wote huo mimi nimejifunika uso kwa kofia.

"Mficha uchi hazai," akasema. Basi, hakuongeza.

Nikadhani yamekwisha. Thubutu! Dereva alifika Kilindoni kabla yangu, na jioni mama mkwe akanipigia simu kwa sauti ya msibani.

"Mwanangu, tumesikia. Busha si aibu, ila ndoa tuisogeze mbele mpaka upasuliwe."

Nikaapa kwamba ni jipu, na limeshapasuka. "Sawa, mwanangu," akasema, vile vile kama wazee wa benchi. Nilikasirika mpaka nikataka kulia. Mwanaidi naye hakupokea simu yangu.

Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, yule yule niliyemkimbia. Asubuhi nikamfuata Bi Zena nyumbani kwake, nikamkuta anapeta mchele.

"Shikamoo shangazi. Nakuomba uwaambie ulichokiona."

"Marahaba. Siri ya mgonjwa mimi sitoi," akajibu, akaendelea kupeta. "Labda uniruhusu mwenyewe, mbele yao."

Yaani niliteseka na njia yote ile kwa kuogopa mdomo wa mtu asiyesema! Ikabidi nisimame sebuleni ukweni, baba mkwe yupo, wajomba wapo, Mwanaidi yuko nyuma ya pazia, nikatamka kwa kinywa changu kwamba namruhusu Bi Zena aeleze habari za kinena changu. Naye akaeleza, taratibu, hakuacha kitu. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka mpaka anapaliwa, nikajua ndoa ipo.

Ijumaa nikaoa, nimekalia mto. Siku hizi nikitokwa na kipele, kiwe popote kiwe, nakwenda kwa Bi Zena siku hiyo hiyo. Yeye hana kipya cha kuona, na ukoo mzima hauna kipya cha kusikia.