Ndala Moja Mlangoni

Mume wangu Hija ana kichwa kigumu, na hilo namwambiaga usoni. Miaka tisa alipaka gundi kwenye soli za viatu, karakana moja hapa Mtoni, chumba kimoja, madirisha yamefungwa. Feni hawaitaki, inakausha gundi kabla soli haijakaa. Mlango nao hawaufungui, vumbi linaingia. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka mpaka paka anatoka nje. Nikimsema, ananijibu kwamba kila siku saa sita tajiri anawapa maziwa, pakiti moja kila mtu, yanasafisha sumu yote. Na mie mjinga nikaridhika. Siku tajiri asipoleta, namnunulia mwenyewe.

Kilichoanza ni ndala. Anaingia ndani na moja, nyingine kaiacha mlangoni wala hana habari. Tulicheka, jamani. Nikamtania kwamba uzee umemwahi. Baadaye ganzi ikapanda mpaka magotini, vidole vya mikono vikashindwa kufunga kifungo cha shati. Siku moja akakanyaga kaa la moto lililoanguka kutoka kwenye jiko langu, na mie ndiye niliyesikia harufu. Hapo kicheko kiliniishia.

Shemeji yangu Mwishehe akasema ni kisukari, jirani akasema katupiwa jini. Sikulaza damu, nikamburuta hospitali. Kisukari hana. Daktari, dada mmoja anaitwa Felicitas, akamgonga goti kwa kinyundo, mguu haukuruka. Ndipo akamuuliza kazi yake. Hija akamweleza, tena kwa fahari, na maziwa hakuyasahau. Dokta akamwacha amalize.

"Kaka Hija, maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa gundi unauvuta kwa pua, unaingia kwenye damu, unaharibu mishipa ya fahamu. Ukirudi mle ndani, kutembea usahau."

Akasema dawa kubwa ni kuacha. Mishipa inaweza kurudi polepole, lakini tusishangae akilegea zaidi kwanza. Kama itarudi yote, hakuahidi.

Akaacha. Miezi mitatu ya mwanzo alilegea kweli, anashika ukuta kwenda uani. Watu wakaniambia si unaona, bora kazini alikuwa anatembea. Niliwapa vidonge vyao. Lakini nikiwa peke yangu nalia, naogopa miguu ya mume wangu ndiyo basi tena.

Kuinama hakuweza, kwa hiyo maji ya udhu nikawa nammwagia mie. Nikifika miguuni namuuliza, baridi au moto? Anapatia kila siku, nami namshukuru Mungu. Kumbe muongo mkubwa! Anaangalia kama kopo linatoa mvuke. Nilipomgundua nikamfumbisha macho, na majibu yakaisha. Ikawa ananyoosha mguu, namwaga, tunaendelea. Mwisho nikaacha kuuliza.

Mikono ndiyo iliyotangulia kupona. Mwaka ulipopita akaanza kushona viatu kwa uzi hapa barazani, upepo unampiga. Wenzake wa karakana aliwaambia maneno ya dokta, sasa gundi wanaipaka nje. Maziwa bado wanakunywa, wanasema wameyazoea. Ila miguu ya Hija ilikuwa vilevile, na ndala moja bado naiokota mlangoni.

Wiki iliyopita, alasiri, nilikuwa na hasira zangu kwa sababu alikuwa kaususia wali wangu. Nikachota maji kwenye ndoo iliyoshinda juani, wala sikuyagusa kwanza, nikammwagia miguuni. Mguu ukaruka, kopo likaenda kule.

"We Zubeda, unataka kunibabua?"

Nikauangalia ule mguu. Na yeye akauangalia mguu wake, macho yamemtoka. Mie nikakaa palepale kwenye maji nikalia kwa furaha. Kisha nikamwambia ngoja nikachote mengine, ya baridi.

Hija akatikisa kichwa. Akaunyoosha mguu, akafumba macho mwenyewe bila kuambiwa.

"Hayohayo," akasema. "Mwaga tena."