Mama, Nyamaza Kidogo, Narekodi

Dada yangu mtaa mzima unamwita Profesa, ingawa bado ni mwanafunzi. Mimi mdogo wake ndiye ninayepiga pasi kwenye chumba cha kushonea cha mama, kwa hiyo nayajua yote. Miaka miwili sasa anasomea shahada ya pili ya muziki na sauti, na miaka miwili hiyo sijapata amani.

Mama ni fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, mwaka wa thelathini na nane sasa. Profesa aliamua kutunga muziki kutokana na mlio wa mashine hiyo. Haya. Akaja na kinasa sauti na vipaza sauti vitatu, kimoja akakifunga chini ya pedali kwa lastiki ya suruali ya mteja. Mimi nikaambiwa niweke pasi polepole. Mama, ambaye akishona huisema mashine kama anamsema mkwe mkaidi, aliambiwa kila siku: "Mama, nyamaza kidogo, narekodi."

Mama akanyamaza.

Sasa chuo chao kinataka vitu viwili, utunzi na andiko la nadharia, na vyote viwili vishikamane. Kila upande una msimamizi wake. Wa nadharia nimembandika jina Bwana Tanbihi, maana hajawahi kuona sentensi asiidai chanzo. Wa utunzi ni Bibi Sikio. Bwana Tanbihi anasema, "Muziki sawa, lakini hoja iko wapi?" Profesa anaandika kurasa ishirini. Anazipeleka kwa Bibi Sikio, naye anasema, "Maneno haya yanaufunika muziki. Punguza." Anapunguza, anarudi kwa Bwana Tanbihi, anaulizwa hoja imekwenda wapi. Walimpiga danadana hivyo mpaka nikawa najua saa zao za ofisini vizuri kuliko siku ya kuzaliwa ya baba yangu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyasi hizi zilikuwa zinakuja kunilalamikia mimi, nikiwa na pasi ya moto mkononi.

Jopo la watahini lilimrudisha mara mbili. Ya tatu ndiyo ya mwisho: ukikwama, jina linafutwa. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimechoka naye kupita kiasi.

Siku ya jopo hilo la tatu ndugu waliruhusiwa kuhudhuria, mimi na mama tukakaa nyuma kabisa. Profesa akasoma andiko lake: msikilizaji, mwili na mashine, na majina ya waandishi kumi na saba. Kisha wakawasha spika. Dakika ya tatu hivi mama akanigusa goti. Kunong'ona hajui.

"Hapo sindano imeshapinda. Na kitambaa ni kile kizito cha makoti. Ngoja, sasa hivi uzi unakatika."

Uzi ukakatika, kwenye spika, mbele ya watu wote.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bwana Tanbihi akageuka. "Mama, umejuaje?"

"Si nasikia? Macho yako kwenye mshono, mikono ina kazi, unabaki na masikio. Ikitaka mafuta inalalamikia chini. Uzi ukikaza mno inalalamikia juu. Usipoisikiliza unaharibu nguo ya mtu."

Bwana Tanbihi akaandika. Bibi Sikio naye akaandika. Halafu akamuuliza Profesa, "Haya yako ukurasa wa ngapi?"

Profesa alifunua kurasa mbele na nyuma, na sote tulijua hayakuwemo.

Wakampa wiki nne. Maneno ya mama yaingie kwenye utunzi na kwenye andiko, la sivyo basi.

Profesa akasikiliza upya rekodi zake zote, saa arobaini na moja, akitafuta mahali mama anapoongea. Sauti ya mtu ilikuwa moja tu, yake mwenyewe: "Mama, nyamaza kidogo, narekodi." Ilijirudia mpaka akazima, akalia.

Asubuhi akamwendea. "Mama, ongea na mashine kama zamani."

"Nimesahau. Si ulinizoesha?"

Hakuwa anatania. Alishona siku tatu bila neno. Ndipo nikang'amua kwamba chumba kile kilikuwa kimya muda mrefu, hata siku ambazo vipaza havikuwepo, na mimi niliyekuwa mle ndani kutwa sikuona kilichopungua. Hasira zangu zote kwa Profesa zikakosa pa kukaa.

Siku ya nne Profesa aliwasha kinasa sauti, akaketi sakafuni karibu na pedali. Mashine ikabadilisha mlio. Akafungua mdomo aulize.

Mama akainua kidole. "Nyamaza kidogo. Nasikiliza."

Profesa akanyamaza. Mama akaiinamia mashine, akaegesha sikio.

"Haya, na wewe," akaiambia, "unataka nini tena?"