Neno Moja la Kiwelisi

Utotoni mwangu, nilipokuwa na miaka tisa na mdomo uliotangulia akili, tulipanga vyumba viwili vya uani katika nyumba ya mwanamke mzee wa Kizungu, mtaa wa La Rochelle, Johannesburg. Majirani walimwita Gogo Nesta, kwa Kizulu cha mjini, yaani Bibi Nesta. Alikuwa mjane wa fundi wa mitambo ya mgodini. Mwanawe wa pekee, Alun, alikuwa mtu mzima mwenye mvi, akiishi kaskazini mwa jiji na kuja kumwona kila Jumapili. Ukitaka kumtia Gogo hasira, mwite Mwingereza. "Mimi ni mtu wa Welisi," angekujibu, "na tulikuwa na lugha yetu kabla Mwingereza hajajua kuvaa viatu."

Mama yangu, mshonaji kutoka Uvira, hakuziona tofauti hizo. Kwake Mzungu ni Mzungu. Kisha, asubuhi moja ya Machi, alimwona Gogo akienda dukani na liki, ile mboga ya ukoo wa kitunguu, imebanwa kwa pini kifuani mwa koti. Ilikuwa sikukuu ya taifa lao, na Wawelisi huivaa mboga hiyo kama wengine wanavyopeperusha bendera. Mama hakuuliza. Aliingia ndani, akafunga mlango, akaninong'oneza, "Ule mama iko na dawa. Mutu hawezi kuvala mboga bure." Nilicheka mpaka nikala kofi.

Mimi nilimpenda Gogo. Baada ya shule nilimsaidia kumwagilia bustani, naye akanifundisha maneno ya Kiwelisi, machache kuliko vidole vyangu. Maji ni dŵr. Nililitamka kila nilipofungua bomba, naye akapiga makofi. Aliniambia kwamba bibi yake, alipokuwa shuleni, alivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema Kiwelisi darasani. Nilimsimulia Mama nikidhani atafurahi, maana yeye mwenyewe huko Kongo alivishwa ubao kama huo kwa kusema Kiswahili badala ya Kifaransa. "Muzungu naye balimuvalisha ubao?" alisema. "Eish, anakudanganya." Akarudi kwenye cherehani yake.

Siku moja nilimuuliza Gogo mbona Alun hajui Kiwelisi. Akasema watoto wenzake shuleni walimcheka, akamwomba mama yake asimsemeshe hivyo tena. "Nikaacha," alisema, kama mtu aliyeacha sukari kwenye chai.

Nilipaswa kujiona hapo. Mama aliponiita kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza, na nikitaka kumuudhi zaidi, kwa Kizulu. Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, alipopiga simu kutoka Uvira, nilijificha chooni. Mara moja Mama alinibandika simu sikioni kwa nguvu, na Koko akanionya: "Zawadi, usicheke. Mutu akikaribia kufa, ulimi yake inarudia kwa mama yake. Akikosa mwenye kumuitikia, roho haitoke. Inabakia mu nyumba, inagonga milango." Niliogopa siku mbili, kisha nikasahau. Watoto ndivyo walivyo.

Majira ya baridi ya mwaka ule Gogo alianza kudhoofika. Mama, pamoja na hofu yake yote, alimpelekea uji kila asubuhi. Hilo lazima niliseme kwa haki yake, maana kinachofuata si kizuri. Jumamosi moja alirudi mbio, uji umemmwagikia, kitambaa kimemtoka kichwani. Gogo alikuwa amemkamata mkono na kumsemesha kwa lugha isiyokuwa Kiingereza, wala Kizulu, wala chochote Mama alichowahi kusikia. Siku hizi najua kwamba mzee akipata kiharusi lugha ya ukubwani inaweza kumpotea, ikabaki ile aliyonyonya nayo. Siku ile hatukujua. Mama alimpigia Alun mara tano, simu haikupokewa. Ndipo akampigia Mama Furaha, kiongozi wa maombi kanisani kwetu.

Wanawake watatu walifika saa sita mchana. Mama Furaha alisimama mlangoni mwa chumba, akasikiliza kidogo, akageuka.

"Iyi ni luga ya pepo," alisema. "Asikule, asikunywe, mpaka itoke. Pepo akipata mayi, anapata nguvu."

Wakaanza. "Toka! Toka!" walipaza sauti, Mama akiwa kati yao, wakipiga makofi na kukanyaga sakafu ya mbao mpaka vikombe vikacheza kabatini. Gogo aliwatazama mmoja baada ya mwingine, midomo imempasuka kwa ukavu, akirudia neno lile lile. Dŵr. Dŵr.

Nilikuwa nimesimama kwenye ujia. Bibi kizee alikuwa anaomba maji, na watu wazima wanne, akiwemo mama yangu mzazi, walikuwa wanamkemea shetani. Nimeona mengi katika jiji hili tangu siku ile, mengine ya damu, lakini sijapata kushtuka hivyo tena.

Utauliza mbona sikusema. Mwaka uliotangulia kulikuwa na msichana wa rika langu kanisani aliyesemwa kuwa na uchawi kwa sababu aliongea peke yake. Walimfungisha siku tatu bila hata tone la maji, na aliporudi hakuna mtoto aliyekubali kukaa naye benchi moja. Mimi ningesema nini? Kwamba lugha ya pepo naielewa? Nikaubana mdomo wangu, ule ambao siku nyingine zote ulikuwa haufungiki.

Saa kumi wanawake walikwenda uani kupumzika. Nikaingia na kikombe na kijiko. "Dŵr," nilimwambia. Alikunywa kijiko kwa kijiko, mengine yakimtiririkia shingoni. Kisha akashika mkono wa sweta yangu na kuanza kuniambia mambo, mengi, polepole, kama mtu aliyebisha hodi siku nzima na hatimaye kupata mwenyeji. Akauliza kitu, akangoja. Nikarudia neno langu moja, naye akatikisa kichwa. Si hilo tena.

Mama akatukuta.

"Nani amekuambia anataka mayi?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwa luga ile?"

"Ni Kiwelisi, Mama. Lugha ya kwao. Ni maji tu anaomba."

Mama alirudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni. Mama yangu, aliyenizaa, aliniogopa mimi. Uso ule ninao machoni mpaka leo. Halafu akamtazama Gogo, akakitazama kikombe kitupu. Alikaa chini sakafuni. "Yesu wangu," alisema. "Masaa ine."

Aliwafukuza wale wanawake kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Alun aliziona simu za Mama, akafika kabla ya magharibi. Alisimama kando ya kitanda, mama yake akimsemesha mfululizo, naye machozi yakimtoka. Kisha akanigeukia mimi, mtoto wa mpangaji, Mkongo wa miaka tisa.

"Anasema nini?"

Mwana wa tumbo lake ananiuliza mimi! Nikamwambia sijui. "Anauliza kitu kimoja," alisema. "Kitu kile kile, tena na tena." Gari la wagonjwa lilimchukua Gogo, akafa Jumatatu asubuhi, na hakuna ajuaye alichokuwa akiuliza. Mama alimwomba Alun msamaha makaburini. Alun alimshika mkono.

Tangu hapo nimekuwa nikimjibu Mama kwa Kiswahili, na Koko, mpaka alipofariki, sikumkimbia tena. Koko alituonya juu ya mtu anayekufa akakosa wa kumwitikia. Hakuniambia chochote juu ya mtu anayesikia akanyamaza, na huyo ndiye ninayemfahamu vizuri zaidi.

Mama ni mzee sasa. Wageni wakija hupenda kuwasimulia kisa hiki, na hajifichi; makosa yake huyataja yote. Kisha hunigusa bega kwa fahari. "Uyu mutoto alisikia tu neno," husema, "akakimbia kuleta mayi."

Huwa simsahihishi. Nilisikia saa sita. Maji nilipeleka saa kumi.