Huwaongoza watalii Lyon kwa simu, mtaani Bertrams anaogopa kufungua kinywa

Saa nne asubuhi, katika ghorofa ya tatu ya jengo moja la Marshalltown, Johannesburg, Arlène Furaha anamweleza bibi mmoja wa Kifaransa namna ya kuutembelea mji wa Lyon bila kuchosha magoti. Apande kilima cha Fourvière kwa treni ya mlimani, atazame mji kutoka juu, kisha ateremke taratibu hadi mitaa ya kale ya Saint-Jean.

Sauti yake ni tulivu. Barabarani wanapita waandamanaji wanaotaka wageni waondoke nchini. Mlinzi ameshafunga mlango wa chuma.

Bibi anasikia kelele, anauliza kuna nini. Arlène anamwambia ni mashabiki wa mpira, kisha anageukia ushauri wa chakula cha mchana.

Arlène, 38, mzaliwa wa Bukavu, hajawahi kukanyaga Ufaransa. Alikuwa akisuka nywele mjini hapa hadi mteja mmoja aliposikia Kifaransa chake na kumpeleka kwenye kampuni inayowashauri watalii kwa simu. Lyon aliisoma kwa ramani, kwa picha na kwa kulalamikiwa.

“Mtu akilala njaa kwa sababu nilimwelekeza vibaya, simsahau,” anasema.

Sasa huwaambia waagize meza mapema katika ile mikahawa midogo ya kienyeji iitwayo bouchon, wale mchana maana usiku bei hupanda, na wakumbuke kuwa mingi hufungwa Jumatatu. Asiyependa matumbo, yanayopikwa sana humo, aombe quenelle, donge laini la samaki kwenye mchuzi mzito. Katika vichochoro vinavyopenya chini ya majumba ya zamani, huwasihi wapite kwa sauti ya chini, kwani mle wanaishi watu.

Kabla hajamaliza na bibi yule, ujumbe uliingia kutoka shule ya binti yake, katika mtaa wa Bertrams: wazazi waje kuwachukua watoto.

Msimamizi wake, Murielle, alimsihi asubiri barabara itulie. Arlène alimuaga mteja, akavua kitenge alichojitanda begani kisimtambulishe kuwa mgeni, akakisukumia ndani ya mkoba na kushuka kwa mlango wa nyuma.

Binti huyo, Sagesse, mwenye miaka kumi na mmoja, amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa, ila mama akimsemesha hujibu kwa Kizulu au Kiingereza, jambo ambalo limewagombanisha mara nyingi. Siku hiyo walitoka shuleni wameshikana mikono.

Walipofika kwenye robot, yaani taa za kuongozea magari, karibu na uwanja wa Ellis Park, wanaume wanne walikuwa wameziba njia. Mmoja alimsalimu Arlène kwa Kizulu, kisha akamuuliza jambo ambalo hakulielewa.

“Ulimi uligoma,” anasimulia. “Kila neno lililonijia lilikuwa la Kifaransa. Nilijua likinitoka, tumekwisha.”

Sagesse ndiye aliyejibu, kwa Kizulu, bila haraka. Alisema mama ametoka kung'olewa jino, hawezi kuzungumza, na wanakwenda kwa bibi. Arlène alielewa neno la jino peke yake, akaweka kiganja shavuni. Mwanaume akamgeukia mtoto, akamuuliza jina.

Mtoto alitaja Thandeka, jina la Kizulu la mwenzake wa dawati.

Yule mwanaume akasogea. Walipompita alimpa mama pole, akamshauri asukutue kwa maji ya chumvi. Arlène anasema upole ule ndio unaomtisha hadi leo.

Nyumbani walifunga komeo na kusukuma kabati mlangoni. Sagesse alitapika. Alipotulia alimuuliza mama yake kwa Kiswahili: “Mama, nimekana jina langu. Ni kosa?”

“Nikamwambia si kosa,” Arlène anasema, macho chini. “Lakini mimi niliyemzaa ndiye niliyejificha nyuma yake.”

Tangu hapo hubadilisha njia kila asubuhi. Akiwa kwenye basi hapokei simu, hata ya ndugu zake wa Bukavu, asije akasikika. Binti halali peke yake, na mtu akibisha hodi wote wawili hunyamaza kwanza. Murielle ameahidi kumwombea kazi ya kufanyia nyumbani. Jibu bado halijaja.

Wakati anasubiri, kila Jumamosi huketi jikoni kwa jirani yake, bibi wa Kizulu anayeuza vitumbua, akijifunza kutamka maneno yanayomkwama kooni. Sagesse humsahihisha, na mara nyingine humcheka.

“Wakinisimamisha tena nataka nijibu mwenyewe,” Arlène anasema. “Na wakimuuliza mtoto jina lake, aseme Sagesse.”