Bénie Alivyosema Redioni

Naitwa Agar, binti ya Siméon Lusenge na Katungu. Nina miaka kumi na sita. Nilizaliwa Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, penye maji baridi hata wakati wa kiangazi. Ni mrefu kuliko wasichana wote wa darasa langu, ninaimba sauti ya pili kanisani, sipendi mboga ya sombe, yale majani ya muhogo, na nikiwa na hofu vidole vyangu vinakunja upindo wa nguo bila mimi kujua. Hayo naweza kumwambia mtu yeyote. Yaliyobaki, kwa muda mrefu, nilimwambia mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni Bénie. Baba yake, Mathe, ni mdogo wa papa, baba yangu, kwa hiyo kwetu yeye ni dada yangu. Nilifika kwao Butembo nikiwa na miaka kumi na moja, muda mfupi baada ya papa kuuawa. Mama alikuwa amekwenda Kasindi kupikia madereva wa malori wanaosubiri kwenye forodha, analala kwa watu, hakuwa na mahali pa kuniweka. Baba mdogo Mathe anauza mabati na misumari, na nyumba yake iko Rughenda, karibu na kiwanja cha ndege. Siku ile ya kwanza Bénie alinishika mkono, akanipeleka chumbani, akasogeza nguo zake zote upande mmoja wa kitanda. Tulilala kitanda kile miaka mitano. Wanafunzi walipocheka Kifaransa changu cha kijijini, ni yeye aliyewafuata mmoja mmoja wakati wa mapumziko, na jioni alinisomesha mpaka nikawapita.

Nilipokuwa na miaka kumi na tatu, Jumamosi moja tulikuwa mtoni tunafua mablanketi. Bénie hakuniuliza kitu. Nilianza mwenyewe.

Nilimwambia kwamba siku ile mama alikuwa amekwenda soko la Kasindi. Papa na mimi tulikuwa shambani tunapasua kakao. Watu wenye bunduki walitoka upande wa msitu, na papa akapigwa risasi ya mguu. Alianguka, akaita jina langu mara mbili. Nilisikia. Sikugeuka. Nilikimbia mpaka barabarani, nikapanda pikipiki ya mtu nisiyemjua. Majirani walimkuta papa kesho yake. Watu wote, pamoja na mama, waliamini kwamba tulipotezana katika mbio, na sikuwahi kuwasahihisha.

Bénie alisikiliza akiwa ameshika upande wake wa blanketi. Tulilikamua, tukalitandika juu ya majani. Halafu akasema, "Mi sitaambia mutu." Nilimwamini, na tangu siku ile nilianza kulala vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka huu redio moja ya mjini ilianzisha kipindi cha vijana. Kila Jumatano kijana mmoja alipewa dakika kumi kujieleza: yeye ni nani, na kitu gani kimemfanya awe hivyo. Wasikilizaji walituma ujumbe kumchagua wanayemtaka, na mshindi angepewa nafasi ya kutangaza kila Jumamosi. Bénie alitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Tangu utoto wake aliiga watangazaji, hasa wale wanaosoma matangazo ya vifo, na aliwaiga vizuri kiasi kwamba Mama Anne-Marie, mama yake, alimkataza kufanya hivyo nyumbani. Alipoitwa, mimi ndiye niliyempigia pasi blauzi yake.

Jumatano hiyo nilikaa uani na Mama Anne-Marie, tunachambua maharagwe, redio juu ya kiti. Nilikuwa na furaha kama vile ni mimi niliyeitwa. Sauti yake ikaja, safi, haina haraka. Alisema anaitwa Bénie. Alisema alizaliwa Mutwanga.

Nilidhani amekosea kwa hofu. Ila aliendelea na maji ya baridi, shamba la kakao, mama aliyekuwa sokoni, watu waliotoka upande wa msitu. Akafika pale papa alipoanguka. "Nilipiga magoti," alisema, "nikashika mukono yake. Akaniambia, soma, mwanangu. Sikumuacha mpaka mwisho."

Mtangazaji akamshukuru kwa sauti ya mtu anayezuia machozi. Nilimtazama Mama Anne-Marie. Alikuwa anaendelea na maharagwe yake. Hapo nikajua kwamba alikuwa ameyasikia maneno yale kabla yangu. Aliniambia kile ni kipindi tu, nisifanye sura ile.

Baba mdogo aliporudi alisema watu walikuja dukani kumwangalia kama kweli amekufa. Nilisubiri akasirike. Papa alikuwa kaka yake, walinyonya ziwa moja. Alivua viatu, akala, akasema kwamba sasa mji mzima unamjua marehemu, na hilo si jambo baya. Aliniomba nisilete ugomvi nyumbani.

Nilimkuta Bénie chumbani anakunja ile blauzi.

"Ile ni yangu," nilimwambia.

"Niliipanga vizuri, Agar. Nilitosha, nikafuta pale ulikimbia. Nilikuficha."

"Kwa nini hukusema ya kwako?"

"Ya kwangu ni gani? Papa anauzisha mabati, mama anapika. Naenda masomo, narudi. Nani atasikiliza ile? We, hata ukinyamaza, batu banakuangalia."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Nilichukua mto wangu nikaenda kulala sebuleni. Kuchukua hadithi yangu kuliniuma, lakini kile alichokitoa kiliniuma zaidi. Tangu siku ile ya mtoni, wakati mimi nilipofikiri tunabeba pamoja, yeye alikuwa anaangalia mahali pale pa kukimbia na kuona pachafu. Na alipopata nafasi, alipasafisha.

Alishinda. Watu walimsimamisha njiani wakamshika mikono.

Rekodi ya kipindi ilianza kupita kutoka simu hadi simu, na dereva mmoja akaipiga mbele ya mama, Kasindi. Mama alilitambua shamba letu. Alidhani Bénie alisema kwa niaba yangu, kwa sababu mimi ni mwenye haya. Alipiga simu ya Mama Anne-Marie, akaomba kusema nami.

"Kumbe papa yako hakukufa akiwa peke yake," alisema. Alikuwa analia, ila sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mutwanga. "Miaka mitano yote najiuliza. Juu ya nini hukuniambia, mwanangu?"

Nilisema mtandao si mzuri, nikakata.

Wakati wa likizo ya Pasaka nilisafiri. Nilifika Beni kwa basi, nikalala kwa watu wa kanisa letu, na asubuhi nikapanda gari katika msururu wa magari yaliyosindikizwa na askari mbele na nyuma. Tulipofika kwenye njia panda ya Mutwanga nilitazama upande mwingine.

Mama alikuwa na sufuria zake karibu na mahali malori yanapoegeshwa. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliwaita wateja wake, akawaambia huyu ndiye binti aliyebaki na baba yake mpaka mwisho. Mzee mmoja wa malori aliinuka akanipa kiti chake. Nilikaa. Siku mbili nzima nilikaa katika heshima ile, watu wananisalimia kama mtu mkubwa, na kila mara upindo wa sketi yangu ulikuwa mkononi.

Siku ya tatu tulikuwa tunamenya ndizi. Nilimwambia yote, kama nilivyomwambia Bénie mtoni, ila safari hii niliongeza na alichofanya Bénie.

Mama hakusimamisha kisu mpaka ndizi zote zikaisha.

"Alikuita?"

"Mara mbili."

"Na ulisikia."

"Nilisikia, mama."

Alinawa mikono, akaifuta kwenye kitenge. "Ungeniachilia ile ingine ya redio siku kidogo," alisema, akaenda kuwapakulia watu chakula.

Jioni aliniletea sahani, kipande kikubwa cha samaki kikiwa upande wangu, akakaa. Alisema kwamba kama angekuwa shambani siku ile, yeye mwenyewe angenipigia kelele nikimbie. Kisha akasema, "Lakini leo usiniombe maneno mazuri. Sina."

Nilimwambia sirudi Rughenda. Hakunibishia. Alipiga simu Beni kwa dada yake mkubwa, Syauswa, na baada ya likizo nikaanza masomo huko. Mama hupiga simu Jumapili. Tunaongea juu ya chakula, mvua na barabara. Juu ya papa bado.

Bénie ana kipindi chake cha Jumamosi. Aliniandikia barua moja, akampa mfanyabiashara anayekuja Beni. Aliandika kwamba amesema redioni, mbele ya watu wote, kwamba hadithi ile ilikuwa ya dada yake. Nilitaka sana iwe kweli. Niliuliza watu watatu wa Butembo ambao hawakosi kipindi chake hata wiki moja. Hakuna aliyesikia jambo kama hilo. Sijamjibu.

Kwenye darasa jipya ninakaa benchi moja na msichana anayeitwa Mariette. Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko, alianza kunieleza mambo ya nyumbani kwao, mambo mazito ambayo mtu hamwambii yeyote tu. Nilitaka kumzuia. Nilitaka kumwambia ayaweke moyoni, kwamba hanijui. Lakini alikuwa amekwisha kuanza, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Alipomaliza aliniuliza kama mimi pia nina kitu. Nilimwambia nitafikiri. Kengele ikalia, tukaingia darasani.