Majina Ilitembea, Nyumba Ikabaki

Mupaka leo nikipita mbele ya parokia yetu ya Bel-Air nasikia haya, aibu ya kweli kabisa, na heri niwaambie mi mwenyewe, juu mukisikia kwa bengine batakuwa bameisha kuongeza chumvi.

Ilikuwa ile wakati vita ilifukuza bantu kule Nord-Kivu, kila juma camion inashusha familia ku parokia, mavumbi mupaka mu meno. Monpère yetu, padri wa parokia, alikuwa anaandika majina ya familia mu fichier yake, ile liste ya mu ordinateur. Mi (secrétaire ya depo ya bunga ya mahindi, ile mwenye kujiona anajua ordinateur kupita bote) nikafanya fichier yangu ya nyumba zenye kubapokea. Na juu ya uvivu sikuandika majina mara ya pili, hapana, niliunganisha cellules, vile viboksi vya kuandikia, za fichier zote mbili: jina ikiingia kwa Monpère, inaonekana na kwangu, halafu pembeni yake naandika nyumba mi mwenyewe. Niliona njo akili hiyo!

Kulikuwa Mama Masika na batoto yake sita. Mama yake muzazi alitangulia kufika, tulimuweka ku nyumba moya ya Ruashi, na mi mwenyewe nilibaahidi bataishi pamoja.

Asubui ya kugawa nyumba Monpère ananiambia, "Ma fille, haya majina iko fujo, unipangie kwa alphabet, nisome muzuri." Nikapanga mu fichier yake, klik moya, nikaimprimer yangu ku karatasi, nikamupa bila kuiangalia (nilikuwa nimechoka, bandugu, siku ile hata chai sikunywa). Kumbe kwangu majina yote ilitembea kufuata alphabet, nyumba ikabaki fasi yake.

Monpère akakamata mikro. "Papa Kakule, peke yake: kwa bamasista!" Bantu bakacheka mupaka machozi, na Papa Kakule akainua mikono akashukuru Mungu. "Mama Masika na batoto sita: chumba ya étudiant, Kasapa!" Pale hakuna mwenye kucheka. Mi nikaona kuna kosa, lakini moteur ya camion ilikuwa imeisha kuwaka, bantu banapanda na mizigo, nikawaza, labda Monpère alibadirisha. Nikasaidia kupandisha mizigo. Mama wee!

Saa ya muchana kambo ya batoto, mama ya Mama Masika, anafika na mguu kutoka Ruashi, anasimama katikati ya lupango ya parokia, mbele ya bantu bote.

"Njo weye uliniahidi? Nilipika bukari, ugali ya bantu munane, imepoa. Mutoto yangu iko wapi?"

Kama udongo ingepasuka ningeingia. Nilitafuta pikipiki, nikaenda Kasapa. Mama Masika alikuwa ameikala inje ku mulango, batoto banalala juu ya mafurushi. Nikaanza kuomba pardon, cellules, fichier, alphabet, sijue nini, naye akanikata maneno.

"Mama, usijichokeshe bule. Sikufungua hata furushi moya. Tangu tulitoka kwetu, kila fasi tukiikala banakuya kutuambia si hapa. Nilijua mutakuya."

Hakunikasirikia hata kidogo, na ile njo iliniumiza kupita matusi yote. Nililia pale mbele ya ba-étudiants banapita, tukabeba mizigo, tukaenda Ruashi.

Sitaunganisha tena fichier na ingine, haki ya Mungu. Jina na nyumba naandika mustari moya, na mbele ya kuandika naita muntu mwenyewe, namuangalia mu macho, namuuliza: nani anakungojea?